Kiingilio Ambacho Hakikuwepo

Siku tatu mfululizo sikulala sawasawa kwa sababu ya swali moja. Nimwambie mama kwamba mimi, mwanawe mwenye digrii, nilidanganywa kama mtoto wa chekechea? Au ninyamaze, na Jumatano aende na mgongo wake mbovu kulima shamba la watu, kurudisha fadhila ambayo haikuwahi kuwepo?

Mtu mwingine angeliona jibu hapo hapo. Mimi nilikuwa na majibu tisa. Niliyaandika nyuma ya barua ya ofisi moja iliyonijibu kwamba nafasi hakuna na kwamba watanijulisha. Nikayafuta, nikayaandika tena kwa mpangilio mwingine. Serikali ilikuwa imesimamisha ajira, viwanda vilikuwa vinauzwa, na sisi wenye digrii tulirudi makwetu na mafaili ya plastiki yenye vyeti. Pale Izia, mtaani kwetu, nilikuwa nimekaa miezi minane. Watoto bado waliniita "msomi" kwa heshima, lakini watu wazima walishaanza kulitamka neno hilo kwa sauti nyingine.

Ili nieleweke lazima nianzie Dar es Salaam.

Nilipofika chuoni nilipokewa na msichana wa kwetu aliyenitangulia mwaka mmoja. Nyumba yao na yetu zimetenganishwa na shamba moja la mahindi. Nilimwita dada, yeye aliniita mdogo wangu, na wiki ya kwanza tu alinionya kwamba mji ule ungenimeza nisipokuwa na wa kuniongoza.

"Hapa hata benchi lina mwenyewe," alisema. "We tembea na mimi tu."

Nilimwamini, maana kila nilichokigeukia kilikuwa na bei. Soda kwenye hoteli ya ufukweni ingenunua debe la mahindi kwetu wakati wa mavuno. Hata choo cha stendi kilikuwa na mtu mlangoni.

Jumapili ya kwanza alinipeleka kwenye bustani ya mjini, ambako bendi ya matarumbeta ya askari ilikuwa inapiga jioni. Tulipokaribia geti alinisimamisha chini ya mwarobaini.

"Kaa hapa. Wakikuona tu watajua ni mgeni, watatupandishia bei. Ngoja nikalipe."

Alikwenda getini, akaongea kidogo na mlinzi, akacheka, akarudi.

"Tayari. Ingia, usiongee."

Niliingia bila kuongea. Nilikaa kwenye nyasi nikitazama mashavu ya wapiga tarumbeta yakivimba na kunywea, nikajiambia kwamba kuna watu wema duniani.

Ikawa hivyo kila juma. Alinipeleka kwenye kituo cha utamaduni cha nchi moja ya Ulaya kutazama sinema za Alhamisi, akalipa. Alinipeleka kwenye baa moja mchana, ambako bendi ya dansi ilikuwa inafanya mazoezi, akalipa. Akanipeleka uwanja wa ndege, juu kwenye baraza la kuagia wasafiri, tukatazama ndege zikitua. Akalipa. Hata kwenye duka la televisheni, ambako tulisimama barabarani mbele ya kioo pamoja na wapita njia wengine tukitazama mpira, aliniambia ameshaongea na mwenye duka. Niliutazama mpira wote nikimshukuru moyoni. Sikujiuliza wale watu wengine ishirini walikuwa wameongea na nani.

Kwa nini sikuuliza hata siku moja kiingilio ni shilingi ngapi? Nimelifikiria hilo kuliko mitihani yangu yote, na jibu ni kwamba nilikuwa na tabia za kwetu. Ufipani, mvua zinapokaribia kuisha na nyasi zimekuwa ndefu, tunazikata na kuzifukia ndani ya matuta ya duara, tunayaita ntumba, zioze ziwe mbolea. Ni kazi ya kuvunja kiuno na hakuna anayeiweza peke yake. Kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe ya ulezi na kuita watu. Wakija kwako leo, kesho utaonekana kwao na jembe lako. Huulizi umelimiwa kwa bei gani. Anayeuliza bei anaonekana anataka kumaliza mambo na wewe, kama mtu wa dukani. Basi nami sikuuliza bei. Nikawa narudisha kwa mikono.

Nilimfulia nguo. Maji yalikuwa hayapandi kwenye mabweni, nikawa nambebea ndoo kutoka bomba la chini hadi ghorofa ya nne. Kudurufu kurasa kulikuwa ghali, nikawa namnakilia vitabu vya maktaba kwa mkono, sura nzima nzima, kwa mwandiko mzuri kuliko ninaotumia kwa mambo yangu. Mwaka wake wa mwisho nilimwandikia upya ripoti ya utafiti kutoka jalada hadi jalada, wiki tatu, wakati mitihani yangu mwenyewe inanisubiri.

Mitihani hiyo nilipata sapu moja. Ilibidi nibaki chuoni likizo nzima kusoma na kurudia. Likizo hiyo ndiyo iliyoangukia msimu wa kufukia nyasi, na mama alikuwa ananitegemea mimi, kwa sababu kaka zangu walishakwenda kutafuta maisha Mbeya na baba tulishamzika zamani. Mama aliita watu lakini hakuwa na ulezi wa kutosha kupika pombe, wakaja wachache. Matuta mengine akayapandisha peke yake. Tangu hapo akitaka kuinuka lazima kwanza ashike kitu.

Dada alihitimu akapata kazi kwenye kampuni moja ya watu binafsi, hizo zilizokuwa zinafunguliwa kila kukicha. Mimi nikabaki na mwaka mmoja chuoni, na Alhamisi zikawa ndefu. Nilijishauri wiki nne kabla ya kwenda sinema peke yangu. Nilidunduliza nauli ya juma zima, nikaikunja kwenye leso, nikaenda mpaka kwa mlinzi.

"Shikamoo. Kiingilio ni shilingi ngapi?"

Mlinzi alikuwa mtu mzima. Aliniangalia, akaiangalia leso.

"Marahaba. Kiingilio cha nini?"

"Cha sinema."

"Binti, mimi nimekaa hapa miaka sita. Kiingilio hakijawahi kuwepo. Wanatuomba tuwaite watu waingie, viti vinabaki vitupu."

Nilimwambia labda zamani kilikuwepo kwa wanafunzi. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ana hakika. Akacheka. "Unataka kulipa? Lete basi hiyo leso."

Sikuingia. Nilirudi bweni, na Jumapili iliyofuata nilizunguka mji mzima kama mkaguzi. Bustanini geti lilikuwa wazi na mlinzi amelala. Kwenye baa ya mazoezi mhudumu aliniambia kaa popote, ukitaka soda utasema. Uwanja wa ndege nilipanda ngazi hadi barazani, hakuna aliyeniuliza jina. Kwenye duka la televisheni sikuona haja ya kuuliza.

Niliudhika kwa namna ambayo sijawahi kuudhika, na sikujua niipeleke wapi hasira hiyo. Mara tatu nilifika kwenye ngazi za ofisi yake nikiwa na maneno niliyoyakariri, mara tatu nikageuka. Nitamwambia nini? Nidai ndoo za maji? Mwisho niliamua kumkomoa kwa njia ya kijinga: kustarehe. Mwaka wangu wote wa mwisho hakuna cha bure kilichonipita katika mji ule. Nilikwenda bustanini kila Jumapili, nikakaa safu ya mbele, karibu na yule askari wa tarumbeta kubwa ambaye mwishowe alianza kunisalimia kwa nyusi. Niliyapenda mazoezi ya dansi kuliko onyesho lenyewe, kwa sababu wimbo ulikatishwa katikati mara kumi huku mpiga saksafoni akitukanana na mpiga ngoma, na ulipokuja kutimia nilikuwa naujua ulikotoka. Nilitazama sinema ambazo sikuelewa neno hata moja. Niligundua starehe mpya ambazo dada hakuzijua: ngazi zinazopanda zenyewe kwenye jengo jipya, ambazo nilizipanda hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu, na saa ya mwisho ya maonyesho ya biashara, wanapochoka kukata tiketi na kuacha mageti wazi. Kila nilipoketi nilisema kimoyomoyo, hii ni ya ndoo. Hii ni ya sura ya nne. Hii ni ya mgongo wa mama.

Lakini hiyo ya mwisho haikufutika. Nilistarehe mwaka mzima na mama bado alikuwa anashika ukuta.

Ndipo nikarudi nyumbani, na miezi minane baadaye, Jumapili baada ya misa, dada akaja kututembelea. Alikuwa likizoni. Alivaa miwani ya jua, kucha ndefu za rangi, na mkononi alikuwa na mkate wa dukani na kitenge kutoka Kasesya, mpakani, maana vitenge vya Zambia ndivyo vilivyokuwa vinasifiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Umenenepa!"

"Dar hainenepeshi, mama. Nimevimba kwa mawazo." Akacheka, akaketi, akanigeukia. "Na huyu? Bado yupo yupo tu? Mdogo wangu, mji ulikuzoesha vibaya. Mama, unajua huyu Dar yote nilimtembeza mimi? Bustani, sinema, bendi, ndege. Kila geti nalipa mimi. Muulize."

Mama aliniangalia. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, ile niliyoikariri kwenye ngazi za ofisi. Nilianza kuwaza iwapo nianze na bustani au na sinema. Nilipomaliza kuwaza, mama alishachuchumaa mbele ya yule msichana na kumpigia makofi taratibu, viganja vimekunjwa, vile mama zetu wanavyoshukuru mtu aliyewazidi.

Kushuka chini kule kulimgharimu. Niliona alivyoshika mguu wa stuli.

"Sikujua mwanangu," alisema. "Huyu hakuniambia hata neno. Umemlea mtoto wangu katika mji wa watu. Nasikia mama yako anaita watu Jumatano. Nitakuja mimi. Nitamlimia mpaka amalize, hata siku tatu."

"Jamani mama, si lazima," alisema dada, akiwa bado amekaa.

Alipoondoka nilimwambia mama nitakwenda mimi badala yake. Alikataa. "Wewe ndiye uliyelelewa. Wa kushukuru ni mimi. Na kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii watu wale wananisalimia, na mimi napita tu kama mtu asiye na adabu!"

Basi zikaja hizo siku tatu. Nikimwambia, atajua kwamba alimchuchumalia tapeli. Nikimwambia, mtaa wote utajua kwamba msomi wao alisimamishwa chini ya mti mbele ya geti lililo wazi. Dada atakana, na sina shahidi. Labda kweli siku moja alilipa mahali. Labda alidhani ni mzaha na mimi ndiye niliyeukuza. Labda nimwombe faragha aseme mwenyewe. Labda niugue, mama abaki kuniuguza. Hilo la kuugua lilikuwa jibu la saba, na nilikaribia kulifuata.

Jumatano asubuhi mama alifunga kiuno kwa khanga mbili, akachukua jembe. Nikachukua langu nikamfuata.

Shamba lao liko pembezoni, nyasi zilikuwa zinafika kifuani. Walikuja watu kama ishirini. Chungu cha pombe kiliwekwa kivulini pembeni, na karibu nacho, kwenye kiti cha kukunja, chini ya mwavuli, alikaa dada na miwani yake akitafuna karanga. Kazi yake ilikuwa kuchota na kugawa. Mama yake, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, alikuwa kwenye mstari analima na wenzake.

Nilijipanga karibu na mama. Tuta la kwanza alilipandisha vizuri. La pili alisimama katikati. La tatu alipoinama hakuinuka. Alibaki amepinda, mkono mmoja kiunoni, anatazama udongo kama mtu aliyeangusha sindano. Nilimshika, akanisukuma kwa kiwiko.

"Niache. Watu wanaona."

Nadhani ni hapo ambapo majibu yangu tisa yalikwisha. Nilibaki na chuki tupu, na ilinipa utulivu ambao kufikiri hakujawahi kunipa.

Wakati wa kupumzika watu walikusanyika kivulini. Kata ya pombe ilizunguka. Dada alikuwa anawasimulia Dar, na watu walikuwa wanamsikiliza kwa raha.

"Dada," nilisema kwa sauti ya kusikika na wote, "hebu waambie na bustani. Pale penye matarumbeta. Mimi siku zile ulikuwa unaniacha chini ya mti, sikujua kiingilio kilikuwa shilingi ngapi."

Alinitazama juu ya miwani. "Unataka nini wewe?"

"Nataka kujua tu. Mama yangu amekuja kukurudishia, lazima ajue anarudisha nini."

"Mia tano," alisema. "Kila mtu. Na siku za sikukuu elfu."

Kwenye gogo alikaa dereva wa lori, mjomba wa majirani, ambaye hupeleka mahindi Dar na kurudi na saruji. Alishusha kata kutoka mdomoni.

"Bustani ipi? Ile ya karibu na bahari, ya askari wa bendi?"

"Hiyo hiyo," nilisema.

"Mia tano ya nini? Mimi nikisubiri kushusha mzigo nalala mle. Hata vichaa wa mji wanalala mle. Pale kiingilio ni miguu yako!"

Watu walicheka. Dada naye alicheka, akasema labda siku hizi wamebadilisha.

"Na uwanja wa ndege, kaka dereva?" nikauliza. "Kule juu barazani?"

"Kuangalia ndege? Sasa ndege utamlipa nani, si iko angani?"

"Na dukani?" Sasa nilikuwa nazungumza na wote. "Nje ya duka, barabarani, mbele ya kioo chenye televisheni. Aliniambia ameongea na mwenye duka turuhusiwe kusimama."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa na nusu yake ilikuwa yangu. Mwanamke mmoja alipiga magoti yake kwa viganja. "Msomi ulilipiwa barabara!" alisema. "Maskini, digrii nzima!" Nilingoja aibu inichome, kama nilivyoiogopa siku tatu. Ilichoma. Ikapita. Sikujua kwamba aibu ni kitu kifupi hivyo.

Kisha nikasema ambayo sikuwahi kuyasema: ndoo za ghorofa ya nne, vitabu vya kunakili, ripoti ya wiki tatu, sapu, likizo niliyobaki, na mama peke yake shambani. Sikupaza sauti. Nilipofika kwenye mgongo wa mama hakuna aliyecheka tena.

"Ilikuwa utani," alisema dada. Miwani alishaivua. "Mdogo wangu, utani tu wa chuoni. Ungeuliza ningekwambia."

Hilo la kuuliza ndilo lililomponza. Kila mmoja pale alijua kwa nini sikuuliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameuliza bei ya kuja kulima siku ile.

Mama yake ndiye aliyesimama. Hakumtazama bintiye. Alimwendea mama yangu, akachuchumaa mbele yake kwenye majani yaliyokatwa, akampigia makofi mara tatu, taratibu. Halafu akasema, bado yuko chini, "Mama mwenzangu, leo pumzika. Kesho huyu atakuja kwako. Atalima mpaka useme basi."

"Mama!" alisema dada. "Mimi narudi kazini Ijumaa!"

"Basi uwahi asubuhi."

Tukirudi nyumbani mama aliniuliza kwa nini ile Jumapili nilimwacha achuchumae nami nimekaa tu. Alisema, "Umeniaibisha," na baada ya hatua kadhaa akasema, "Lakini yule dereva ana mdomo!" akacheka mpaka akashika mti.

Ningeweza kuishia hapo. Shamba lingelimwa, na watu walishasikia. Jioni ile mama alisema ingetosha tumwache msichana wa watu apige jembe saa mbili tatu kisha tumpe chai. Nilijishauri kidogo sana, pengine dakika moja, ambayo kwangu ni rekodi. Nikaenda nyuma ya nyumba yanakowekwa majembe. Moja lilikuwa la mama, jepesi, la mpini laini. Jingine lilikuwa la marehemu baba, zito, lenye mpini uliolegea, unaozunguka mkononi kila unapolishusha, ambalo lazima ulipigize kwenye jiwe kila baada ya tuta moja. La mama nikaliingiza ndani nikaliweka chini ya kitanda.

Asubuhi alikuja na ndala, bila miwani, bila mwavuli. Kucha alikuwa amezikata. Alisimama mwanzo wa shamba letu, mahali ambapo nyasi ni ndefu kuliko kwao, akaniangalia, akangoja niseme kitu cha kumrahisishia.

Nilimpa jembe la baba. Niliweka stuli yangu kwenye kivuli pekee kilichokuwepo, nikakaa safu ya mbele.

"Karibu dada," nilimwambia. "Ingia tu, hapa hakuna kiingilio."